Tumbili na Kanga ya Elinipa

Kimandolu,
Arusha.
9 Agosti 2025

Mpendwa Mama mdogo Sabina,

Shikamoo. Habari za Songea? Kiuno je, kimepungua kuuma? Sisi tuko wazima, ila baridi huku haina adabu. Elinipa ananenepa vizuri, lakini usiku halali, wala hataki mwenzake alale.

Sasa nikusimulie ya juzi, moyo bado unanidunda. Nilitoka kliniki na mtoto mgongoni, nikaingia bustani ya mjini nipumzike. Nilikuwa na ndizi mbivu alizotuma Mama kutoka Nkoaranga. Mfuko ulichanika njiani, nikazifunga kwenye ile kanga uliyotuma, ambayo kila siku namviringishia Elinipa. Nikaweka furushi pembeni, nikainamia magoti, usingizi ukanibeba.

Kuja kushtuka, tumbili anapanda mti na kanga. Nilipiga yowe, bustani nzima ikasimama. "Amemchukua mwanangu!" Kinamama wakashika vichwa, mpiga picha akawatelekeza maharusi wake. Mlinzi mmoja, Lesikar, akaja mbio na rungu, akanitazama mgongoni.

"Mama, na huyu uliyembeba ni wa nani?"

Nikapapasa nyuma. Elinipa huyo, amelala fofofo. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nililia.

Maganda yakaanza kutudondokea. Lesikar akaokota jiwe, ndipo nikaona tumbili mwenyewe ana kitoto kimemng'ang'ania tumboni, anakula kwa mkono mmoja kama mimi nyumbani. Nikamwambia Lesikar, "Weka jiwe chini, baba. Ana mtoto huyo." Akaliweka.

Gerson hamwonei haya mkewe, anamsimulia kila jirani, siku hizi naitwa Mama Tumbili. Acha wacheke. Ila mimi niliogopa, Mama mdogo. Uchovu ulinisahaulisha mtoto niliyembeba mwenyewe. Mama angekuja kunisaidia, lakini mguu haujapona, hawezi kuteremka ule mlima. Nawe uliahidi kuja kunitunza uzazi, ukasema mpaka mvune mahindi. Yameshavunwa, najua. Njoo unishikie mtoto, nilale.

Mwambie Baba mdogo Sadoki shikamoo, na Daniel msalimie sana. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Kanga yako bado inaning'inia juu ya ule mti. Usitume nyingine kwa basi; ilete mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Lilian