Kibali Kina Jina Langu

Verl, Brinley na Hyrum,

Sandwichi za bata mzinga ziko kwenye friji. Kila mtu abebe chupa mbili za maji. Humo korongoni jua halina mzaha. Viazi vya jibini vya jioni viingizeni kwenye oveni saa kumi.

Mlipotoka kwenda kupiga picha za mapambazuko, nami nilitoka. Msinitafute.

Leo alfajiri, kabla hamjatoka, mlipiga kura tupande njia ipi, mikono juu, mimi nimewapa mgongo nikipaka mikate yenu mayonezi. Brinley ukasema, "Mama atatuchelewesha." Verl, nawe baba yao ukadakia, "Abaki chini alinde mikoba. Magoti yake yanalia kama bawaba kavu!" Hyrum, ulicheka mpaka maziwa yakakutoka puani. Mkachagua njia ya minyororo, ile ya kupanda mwamba kwa kushika minyororo, kura tatu, bila hata kuniuliza.

Hakuna aliyekumbuka kwamba kibali cha kupanda njia hiyo, kile cha bahati nasibu, kilitoka kwa jina langu. Askari wa hifadhi hapitishi kundi bila mwenye jina. Nimekichukua, na nimepanda basi la kwanza.

Nyinyi nendeni ile njia ya lami kando ya mto. Inafaa hata vigari vya watoto.

~~Au nisubirini darajani, nitashuka tupande wote~~ Hapana. Saa tano simameni kituo cha basi mtazame juu ya mwamba. Mwenye kofia nyekundu ni mimi, pamoja na magoti yangu.

Mikoba yote iko hapo mlangoni. Ilindeni.

Mama