Jina la Mama Maxine Kukatwa Mstari

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Litein, tarehe 14 Mei 2025, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi.

Jina: Nelvine Chelangat Kimeli
Umri: Miaka 34
Kazi: Karani wa kituo cha kununulia majani chai, pia msimamizi wa grupu ya wakulima kwenye simu
Makazi: Nje kidogo ya mji wa Litein

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeitwa hapa kueleza kwa nini nilikata jina la Sellah Aluoch, ambaye sisi wote tunamwita Mama Maxine, na kwa nini watu walicheka. La kwanza naweza kulieleza. La pili nitajaribu.

Grupu yetu ina wakulima sitini na wanne. Siku ya kuchuma, kila anayeleta majani anaandika jina lake asubuhi, ili nijue lori litabeba mzigo wa watu wangapi. Nikishampimia mtu majani kwenye mizani, nakata jina lake kwa mstari. Kwenye simu unaweka kale kaalama ka wimbi mwanzo wa jina na mwisho, na mstari unajitokeza wenyewe. Maana yake ni kwamba majani yako yamepimwa, huna deni na karani. Wanachama wa zamani wanajua hivyo na hakuna anayeuliza.

Mimi ndiye niliyeandika sheria za grupu. Sheria ya nne inahusu wageni. Inasema mwanachama mpya asijibiwe kwa herufi kubwa, kwa sababu herufi kubwa ni kama kumfokea mtu, na kila anayemjibu amwekee kale kapicha ka uso wa kucheka ili asijisikie mgeni. Niliiandika kwa sababu mwaka jana mzee mmoja alitoka kwenye grupu akisema tunamgombeza. Naomba sheria hiyo iandikwe hapa kama ilivyo, kwa sababu nilikuwa najivunia sana.

Mnamo tarehe 9 Mei 2025, siku ya Ijumaa, nilimwingiza Mama Maxine kwenye grupu mimi mwenyewe. Alikuwa amenunuliwa simu kubwa na binti yake, Maxine, anayefanya kazi Nairobi. Mama Maxine ni mjane wa miaka sitini na mmoja. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na walinunua robo ekari kando ya barabara, hatua chache kutoka kituoni. Amekaa hapo tangu kabla sijazaliwa. Nilimwonyesha jinsi ya kuandika jina lake. Habari ya mstari sikumwambia, wala sikukumbuka kwamba ni kitu cha kuambiwa.

Mnamo tarehe 12 Mei 2025, siku ya Jumatatu, orodha ilifungwa saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi ikiwa na majina ishirini na matatu. Nilianza kupima saa nne na nusu. Wa kwanza walikuwa Mama Maxine, Phelix Amolo na Gekara. Hao huwa wa kwanza kila siku, kwa sababu ploti zao ziko kando ya barabara karibu na mizani. Ploti za hapo zilinunuliwa zamani na watu wa kiwandani, waliotoka upande wa ziwa na upande wa Kisii. Sisi Wakipsigis mashamba yetu yako kule chini, na tunafika tumechelewa na tumechoka. Mama Maxine alileta kilo kumi na tisa. Nilimuuliza goti linaendeleaje, akaniambia, "Linanisumbua, lakini nitalisumbua pia." Tulicheka. Alienda kwake.

Saa nne na dakika hamsini na tano nilikata majina hayo matatu kwenye simu. Mengine ishirini yalibaki bila mstari. Leo afisa ameniomba niyasome kwa sauti, yaliyokatwa kwanza, halafu yaliyobaki. Niliyasoma. Sikuwa nimewahi kuyatazama kwa namna hiyo.

Saa tano na dakika thelathini na nne Mama Maxine aliandika kwenye grupu: "Nelvine mbona jina langu limekatwa? Na la Phelix na la Gekara?"

Nilikuwa na watu kumi mbele ya mizani na mikono yangu imelowa. Nilimjibu kwa uso wa kucheka, kama sheria inavyosema. Wengine nao wakaweka nyuso zao. Wengine waliweka ule uso unaocheka hadi unatoa machozi, kwa sababu swali la mgeni huwa linafurahisha kidogo. Nimehesabu hapa mbele ya afisa, ni nyuso kumi na moja. Hakuna mtu aliyeandika neno hata moja. Phelix mwenyewe aliweka mbili.

Afisa ameniuliza uso huo unafanana vipi, kwa kuwa hauwezi kuandikwa kwa kalamu ya kituo. Nimeuchora pembeni mwa karatasi hii. Nikiuangalia nilivyouchora hata mimi sielewi unacheka nini.

Saa sita na dakika tano simu iliandika kwamba Mama Maxine ametoka kwenye grupu. Nilidhani amebonyeza vibaya.

Lori lilikuja saa saba na kuondoka saa nane. Saa kumi jioni nilipitia kwake nimrudishe kwenye grupu. Mlango ulikuwa na kufuli. Ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye nguzo, hajakamuliwa, ndama analia. Juu ya jiko la nje kulikuwa na sufuria ya maharagwe ambayo hayajaiva, na moto umezimwa kwa maji. Nilipiga simu yake mara sita, haikuwa hewani. Nikamkamua ng'ombe kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Phelix alikuja akasimama nami kwa ua. Nilimuuliza kama wamegombana na mtu. Akasema hapana. Kisha akatoa simu yake, akaiangalia orodha kwa muda mrefu, akaniambia, "Nelvine, futa hii kitu." Nikamuuliza nifute nini. Akaenda zake.

Mnamo tarehe 13 Mei 2025, saa mbili na robo asubuhi, nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kama Calvince, mtoto wa kaka yake Mama Maxine, anayeishi Sondu. Alisema, "Madam, mlimkata auntie kwa list mkicheka. Screenshot tuko nayo na tunapeleka kwa polisi." Nilimwambia ni majani tu yalikuwa yamepimwa. Akasema, "Majani gani yanapimwa kwa kabila?" Nikaomba kuongea na Mama Maxine.

Alikuja kwa simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza. Aliniambia kwamba mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, kulikuwa na karatasi imebandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga mahindi. Ilikuwa na majina ya wenye ploti za kando ya barabara. Kila familia ilipohama, jina lilikatwa. La mumewe lilikatwa wakiwa bado ndani ya nyumba, na jioni hiyo nyumba ikachomwa. Walirudi baada ya mwaka mmoja na kujenga upya.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Hiyo karatasi niliiona, nikiwa nimebeba debe la mahindi. Nilidhani ni ya foleni.

Nilimwambia, "Lakini Mama Maxine, tulisalimiana vizuri kwa mizani." Akasema, "Hata siku ile tulisalimiana vizuri asubuhi, mtoto wangu."

Nilimsihi arudi. Nilimwambia ng'ombe yuko salama na majani yake yatakomaa yasipochumwa wiki hii. Akaniuliza, "Kukata jina hivyo, mstari mmoja, ulifundishwa na nani?"

Nilisema nilifundishwa na baba. Baba yangu, Johana Kimeli, alikuwa karani wa kituo hicho kabla yangu. Alifariki mwaka 2019. Nikamwambia Mama Maxine kwamba alikuwa akikata majina kwenye kitabu cha mizani kwa rula na kalamu ya kijani, mstari mmoja, na alinifundisha nisichore ovyo kwa sababu jina la mtu ni la mtu.

Mama Maxine akasema, "Ya kijani, ndiyo." Kisha simu ikakatika. Sijui kama aliikata au ni mtandao. Nilipopiga tena haikuwa hewani.

Sijui aliyeandika karatasi ile. Baba hakuwahi kuizungumzia, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilimpenda baba na bado nampenda. Kitabu chake cha mwisho kilikuwa ndani ya sanduku nyumbani, na nimekileta hapa kituoni leo. Afisa ameniuliza kinathibitisha nini. Sijui. Nilishindwa tu kukaa nacho ndani ya nyumba.

Ninachoomba ni Mama Maxine arudi kwake. Namkamulia ng'ombe asubuhi na jioni. Leo asubuhi nimeandika orodha ya kuchuma upya kwa maneno, "amepimwa" na "bado", na jina lake nimeliweka juu kabisa, ingawa hayupo.

Nimesomewa yote haya kwa sauti na ni kama nilivyosema. Sina la kuongeza, ila maswali, na afisa amesema maswali hayaandikwi.

Sahihi: N. C. Kimeli

Maelezo ya afisa: Nimeyachukua maelezo haya mimi, Koplo Robert Kiplangat, kwa Kiswahili, bila kumlazimisha shahidi. Mlalamikaji, Sellah Aluoch, bado yuko Sondu. Kitabu kimoja cha mizani kimepokelewa. Katika ukurasa wa pili niliandika jina "Sellah Aluoch" mara mbili kwa kufuatana, kwa makosa yangu. Nilimwomba shahidi akate moja kwa mstari na kutia sahihi pembeni, kama ilivyo kawaida ya kituo. Nilimpa kalamu. Aliishika kwa muda, akairudisha mezani. Ukurasa wote umeandikwa upya.