Shuka Mia Mbili na Ishirini

Kamembe, tarehe 9 Novemba 2023

Yaya Nabintu, dada yangu mpendwa,

Amani iingie nyumbani mwako huko Uvira kabla ya barua hii. Nakusalimu wewe na batoto, na Maman mkwe wako ambaye nasikia miguu bado inamvimba. Ile homa ya Clarisse wako imeisha? Na wewe bado unaamka mapema kuuza samaki, au mvua zimekuzuia? Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa mengine, naomba uketi, na usimsomee muntu yeyote barua hii mpaka uimalize peke yako.

Atelier yangu ya kushona unaijua. Ulipokuja tulikuwa na mashine tatu. Mwaka jana zilifika saba, na bamama sita wa kushona. Kazi haikuwa shida. Shida ilikuwa kulipwa. Wateja wakubwa hapa wanapokea mali leo, wanachukua facture, ile karatasi ya madai, wanakwambia urudi baada ya miezi mitatu. Lakini muuza vitambaa hangoji miezi mitatu, na bamama hawawezi kupika facture.

Mwezi wa pili alikuja mwanamume aitwaye Protais, wa kampuni moja ya Kigali. Aliniambia kwamba wao wananunua facture. Ikiwa mteja atanilipa baada ya siku tisini, wao wananipa sehemu nane kwa kumi siku hiyohiyo. Mteja anawalipa wao, wanakata faida yao, na kinachobaki wananirudishia. Alitaka karatasi mbili tu: facture, na hati ya mteja iliyosainiwa kwamba mali imefika yote. Yaya, nililia kwa furaha. Mara mbili tulifanya hivyo na mambo yalikwenda vizuri. Nililipa kodi ya nyumba, nililipa bamama kwa siku yake, na zile pesa za shule ya Clarisse nilizokutumia zilitoka hapo. Siwezi kusema kampuni ile ilinidanganya.

Mara ya tatu nilishona salopeti, zile nguo za kazi, za wafanyakazi wa Kamali, yule mkandarasi wa mitaro. Facture ilikuwa milioni tatu na laki mbili. Protais alinipa milioni mbili na nusu na kidogo. Siku tisini zikaisha, Kamali hakulipa. Alikuwa amefunga ofisi, na simu yake haikupatikana tena. Protais akarudi, akafungua mkataba wetu, akanionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa kwamba mteja asipolipa, ni mimi ninayerudisha. Saini yangu ilikuwa chini yake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ana wakubwa wake, na kwamba mashine zangu ndizo dhamana.

Wakati huo nilikuwa na kazi moja tu mkononi, shuka mia nne za ile hoteli mpya ya kando ya ziwa, ambako mume wako alikuwa mtunza stoo. Nilikuwa nimeshona mia moja na themanini. Kitambaa kilikuwa kimekwisha na sikuwa na pesa ya kingine.

Unajua ulivyoambiwa. Uliambiwa kwamba mhasibu wa hoteli alihesabu stoo, akakuta shuka mia mbili na ishirini hazipo, wakati karatasi yenye saini ya mume wako Balagizi inasema zilipokelewa zote. Uliambiwa kwamba alizivusha daraja la Rusizi II kidogo kidogo na kuziuza Bukavu. Polisi walimkamata tarehe kumi na tano ya mwezi uliopita. Alipoulizwa alijibu neno moja, kwamba saini ni yake.

Na mimi ndiye niliyekupigia simu kukupa habari hiyo. Ulilia, ukasema kanisani huwezi tena kukaa mstari wa mbele, kisha ukanituma nimwambie asirudi kwako. Nilimpelekea ujumbe huo, Yaya. Nilimpelekea na chapati. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama Clarisse amepata dawa ya malaria.

Sasa nakuambia lile ambalo nimelificha wiki tatu na siku nne.

Hakuna shuka hata moja iliyoibwa. Zile mia mbili na ishirini hazikushonwa kamwe. Ni mimi niliyepeleka mia moja na themanini, pamoja na karatasi ya mia nne. Shemeji, Papa Clarisse, alihesabu mafurushi, akaniangalia. Alisema, “Honorine, hapa naona hata nusu haifiki. Zingine ziko wapi?” Nikamjibu, “Ziko atelier, bamama banazipiga pasi. Kesho asubuhi zitakuwa hapa. Saini tu, shemeji, muntu wa Kigali ananingoja.” Akasaini. Hakusaini kwa sababu ya pesa. Alisaini kwa sababu mimi ni mdogo wako.

Kwa karatasi hiyo Protais alinunua facture ya hoteli, na pesa zake nilizitumia siku ileile kumlipa yeye mwenyewe deni la Kamali. Kilichobaki hakikutosha hata robo ya kitambaa. Kila juma shemeji alinifuata akiuliza, na kila juma nilimtajia siku nyingine.

Siku moja kabla ya kukamatwa alikuja nyumbani kwangu akijua kwamba mhasibu amehesabu. Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwomba wiki moja nitafute pesa. Aliniinua kwa mkono, akasema, “Jina lako mimi sitalitaja. Utalitaja wewe mwenyewe.” Wiki ikaisha. Ya pili ikaisha. Kila asubuhi nilivaa viatu niende polisi, na kila asubuhi nilikwenda atelier.

Leo nimekwenda. Nimewaambia yote na nimeweka saini yangu kwenye maelezo. Mpelelezi aliandika polepole, hakunitukana. Amesema nirudi Jumatatu na daftari la atelier, na kwamba baada ya hapo hawezi kuniahidi nitalala wapi. Mashine zimekwisha kuchukuliwa na kampuni ya Protais, kwa pesa za facture ya hoteli. Bamama nimewaaga, Védastine peke yake ndiye aliyenipa mkono. Shemeji bado hajaachiwa, kwa maana alisaini kitu asichokiona, lakini shtaka la wizi wamesema watalifuta. Hoteli haitamrudisha kazini. Amekonda, na shati lake la kola sasa linamzidi.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Pokea kwa anayekuletea barua hii nauli niliyoweza kupata, uje Kamembe. Usipite kwangu, nenda moja kwa moja kwake, kituo cha polisi. Hajui kwamba nimekuandikia, na bado anaamini kwamba wewe unamwona mwizi. Hilo usimwachie muntu mwingine amwondolee.

Nisalimie Maman mkwe, mwambie nitamwombea miguu. Wabusu batoto, na kama watauliza habari za baba yao, waambie hakuiba.

Ni mimi mdogo wako,
Honorine