Chuma Ndani ya Mlango

Darlington, 3 Septemba 1996

Mpendwa Shangazi Ardith,

Habari za Wilkesboro? Goti linaendeleaje? Sisi ni wazima.

Ile Torino, gari la mbio aliloshindania Mjomba Verlon, inapendeza sasa. Namba 28 nimeichora kwa mkono kama zamani. Ila nilipobandua bati la ndani la mlango wa dereva nilikuta bomba nene la chuma limefichwa kati ya bati na bati. Mjomba husema upande ule hapakuwa na chuma, na aliniagiza, “Lirudishe gari lilivyokuwa, usiniletee mapambo.” Nadhani kuna mtu alilichezea likiwa bandani. Jumamosi ya wiki ijayo nalikata.

Mwanao,
Dorsey

Wilkesboro, 6 Septemba 1996

Dorsey mwanangu,

Salamu katika jina la Bwana. Goti bado linaweza kupigwa nikisali, inatosha. Weka msumeno chini. Ningekupigia simu, lakini mjomba wako anaikalia kama kuku mayai.

Bomba ni langu. Mwaka 1970 nilimwomba mume wangu aongeze chuma mlangoni, akanicheka: “Ardith, nakwenda kushindana, siyo kubeba jiko la mama yako!” Basi alipokwenda kuvuna tumbaku kwa kaka yake, nikampelekea marehemu Hobart, fundi wa kuchomelea, pai mbili za pichi. Akaliweka, akapaka rangi, akafunga mdomo.

Verlon akalalamika gari linavuta kushoto. Na uwanja wa mbio ni mviringo, si ni kukata kushoto tu? Akashinda mara mbili, akaisifu mikono yake! Mara ya tatu gari la mwenzake likamwingia mlangoni. Akatoka na kidole kimoja kimevunjika.

Tangu hapo, kila mwaka husimama kanisani: “Hapakuwa na chuma, ndugu zangu. Malaika alisimama pale.” Nami naitikia Amina. Namshukuru Mungu kwa lile bomba kila nikimwona anakula. Lakini nikisema, namvunjia ushuhuda wake. Nikinyamaza, nadanganya nyumbani mwa Bwana. Usilikate, wala usimwambie. Niache niombe kwanza.

Shangazi yako

Darlington, 16 Septemba 1996

Shikamoo Shangazi,

Naomba radhi. Juzi Mjomba kaja bila taarifa, mlango wa gari ukiwa bado hauna bati la ndani. Akaingiza mkono, akalipapasa bomba. Limepinda katikati, palepale ubavu wake ulipokuwa. Akauliza, “Nani kaweka?” Nikasema, “Muulize Shangazi.” Sikuweza kumdanganya. Akakaa juu ya ndoo ya rangi, kisha akaondoka. Hata kofia kaisahau. Amekukasirikia?

Mwanao,
Dorsey

Wilkesboro, 7 Oktoba 1996

Dorsey mwanangu,

Hujambo, na nyumbani hawajambo? Kofia imefika, asante.

Usijilaumu. Alinyamaza wiki tatu. Anakula, anaosha sahani. Verlon, kuosha sahani! Hakuniuliza, nami nikakosa ujasiri.

Jana ilikuwa siku ya ushuhuda. Akasimama, nikashika benchi.

“Ndugu zangu, nimewadanganya bila kujua. Chuma kilikuwapo. Malaika naye alikuwapo, ila hakuwa na mabawa, alikuwa na aproni. Nimekula chakula chake miaka ishirini na sita bila kumshukuru kwa hili. Kaketi pale benchi la tatu, anatafuta mlango wa kutokea.”

Kanisa likacheka, mimi nikalia. Alipoketi akaninong'oneza, “Kwa hiyo kule kushinda mara mbili kulikuwa kwa bomba lako?”

“Mara moja tu, mpenzi,” nikamwambia. Bwana anisamehe.

Anataka bomba libaki limepinda hivyohivyo, na juu ya mlango, chini ya jina lake, uandike langu. Tuje lini kuliona? Tafadhali nijibu upesi.

Shangazi yako,
Ardith