Maana ya Nyungunyungu

Embu, 2 Juni 2025

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii iwakute wazima, wewe na Mama. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imenikaa kifuani. Je, kidonda kati ya vidole vya mguu wa Mama kimekauka? Sukari anaipima?

Uliniuliza nafanya nini maabarani. Nachunguza nyungunyungu. Palipojeruhiwa hujiponya: mwilini mna askari, kinga ya kuumbwa nayo isiyongoja chanjo, hula uchafu wa jeraha, kisha nyama mpya huota. Tulipowapunguza askari hao kwa dawa, nyama ilichelewa kuota.

Binti yako,
Zuleka

Makutano, Meru, 6 Juni 2025

Mwanangu Zuleka,

Wa alaikum salaam warahmatullah. Tu wazima kwa rehema za Mola, isipokuwa mguu wa mama yako, ambao umevimba.

Nimemshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mtoto niliyemfundisha alifu kwa kijiti leo anachunguza maradhi ya mama yake. Nesi Carol wa zahanati alimpa vidonge, akamtaka arudi kila siku ya tatu kusafishwa kidonda. Nimevisimamisha vyote, ili askari wasipungue. Jamaldin wa buchani amenicheka: "Mzee, mimi hata mbuzi aliyekufa namweka kwenye friji, wewe mguu wa mama unauacha hivyo hivyo?" Nikamwambia elimu haipimwi kwa mizani ya bucha.

Baba yako,
Suleiman

Embu, 19 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Kabla ya yote, mpeleke Mama hospitali leo hii. Nilikuwa Mbeere kikazi tangu tarehe tano. Barua yako nimeikuta chini ya mlango. Simu ya Jamaldin haipatikani, na wewe simu huisikii.

Baba, nyungunyungu wangu ni minyoo, wale wa udongoni wanaotoka mvua ikinyesha. Wao wakikatwa mkia, huota mwingine. Mtu haoti kidole. Na vidonge vya nesi vinaua vijidudu, havigusi askari. Shuleni tulifundishwa maana hiyo moja tu. Leo nimefungua kamusi nikaona ni ugonjwa wa vidole pia. Nisamehe. Barua hii anaileta dereva wa matatu; nikipewa ruhusa nafuata jioni.

Zuleka

Makutano, 8 Julai 2025

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Natumai kifua kimepona. Tangu tulipomzika mama yako hujaniandikia, nami siulizi sababu.

Mguu waliomkata hospitali tuliuzika Jumapili, naye Jumatano, kando yake. Nesi Carol, nilipombana kwa maswali, alikiri kwamba vidonge vile na kusafishwa vingetosha. Wanaokuja kutoa pole nawaambia ni kadari. Ni kadari, wala siikanushi. Lakini kadari haimwondolei mja kosa lake, na nililowaficha wao sikufichi wewe.

Ulisema kaburini kwamba barua yako ndiyo iliyomuua. Usiseme hivyo tena. Nilisoma chuoni Lamu, na huko nyungunyungu ni kuchubuka kwa vidole. Sikufikiri kwamba neno laweza kubeba kingine. Asubuhi ile, kabla sijavitupa vidonge, mama yako aliutazama mguu, akasema polepole, "Baba Zuleka, muulize mtoto kwanza."

Nikamjibu kwamba Kiswahili nakijua.

Baba yako,
Suleiman