Ndugu Wawili, Jimbo Moja

Mjukuu wangu Kastori,

Hapa Mpepai tu wazima, tunachuma kahawa. Umeuliza kwa nini nasita kukubariki ugombee ubunge dhidi ya Desderi, mwana wa baba yako mkubwa.

Ujanani mwangu, baba yangu na mdogo wake waligombea jimbo moja. Awali wanaume wa ukoo walikula pamoja kwenye sengu, kikao chetu cha chakula, na kila ugomvi uliishia palepale. Walipochukua fomu, baba mdogo akaanza kula kwake. "Nimege ugali na mpinzani? Thubutu!" Wote wawili walishindwa. Baba aliendelea kumwekea mdogo wake nafasi kwenye sengu mpaka tulipomzika Baba.

Sikukatazi. Ila juzi nilimkaribisha Desderi chakula. Akasema, "Nimeshiba, Babu," akabaki amesimama mlangoni.

Ni mimi, babu yenu nyote wawili.