Siku ya Kwanza ya Mwezi wa Elimu

3 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Allah'u'Abha, na shikamoo. Mgongo unasemaje? Na ile cherehani yako korofi, imeacha kula uzi? Mimi mzima, nimekonda kidogo tu, usianze.

Simu hupokei, basi naandika. Kozi yangu ya jioni inataka utafiti. Wenzangu wameandika bei za soko. Mimi nimechukua historia ya Wabaha'i wa huko nyumbani, na sehemu ya pili nataka niandike juu ya safari ya roho katika Maandiko. Kazini, duka la fotokopi, wakitoka kwenda kula mimi nakimbilia jumba la nyaraka. Kusoma mafaili ya zamani nimejifundisha mwenyewe. Mafua mwezi mzima, vumbi tupu!

Lakini nimelipata, Shangazi! Faili la polisi la mwaka ule dini yetu ilipopigwa marufuku, miaka hamsini na nane iliyopita. Wanane walikamatwa sebuleni kwa fundi saa, wakiwa kwenye Karamu ya Siku Kumi na Tisa, ile ya sala na mkutano tunayofungulia kila mwezi wetu. Fundi saa akafia rumande. Sasa Babu, baba yako, ndiye alikuwa mwandishi wa Baraza letu la mji, na wanasema hakukosa Karamu hata moja. Jina lake halimo. Kwa nini? Kila nikiuliza, watu wanaangalia dari.

Mpwa wako

11 Agosti

Wewe Kimbelembele,

Allah'u'Abha. Mgongo unauma, cherehani nzima, salamu zimekwisha.

Nina mashati ya shule mia na ishirini hapa, hayana kola, na wewe unaniletea polisi. Nani alikutuma? Baba yangu alikuwa mtu safi. Hilo ndilo jibu, gonga muhuri.

Nakaa mkabala na binti wa fundi saa. Miaka arobaini tunatazamana, duka langu na mlango wake. Kwenye Karamu anakaa kona ile, mimi kona hii. Hajawahi kunisemea neno baya, maana kusengenya kwetu ni marufuku. Hajawahi pia kukanyaga dukani kwangu. Umeelewa? Sasa liache. Andika juu ya safari ya roho, huko hakuna faili.

Kula.

Shangazi yako

20 Agosti

Shangazi,

Allah'u'Abha, shikamoo, natumaini mgongo umepoa. Wangu mimi umepanda moto.

"Gonga muhuri"? Si ninyi mlionifundisha tangu mdogo kwamba kila mtu autafute ukweli kwa macho yake, asikubali kwa sababu baba kasema, shangazi kasema? Au hiyo ni ya kuwaambia wageni tu?

Haya, nakiri. Mwezi wa sita nilipokuwa kwako, ulipokwenda kununua vifungo, nilifungua kabati lako nikapiga picha ukurasa wa mwisho wa kitabu cha Babu cha kumbukumbu. Kasirika. Mimi nilivyokasirika baada ya kuusoma, hunifikii.

Faili la polisi linasema wamekamatwa tarehe 15 Oktoba, saa moja jioni. Kitabu cha Babu kinasema Karamu ilifanyika siku ya kwanza ya mwezi wa Elimu. Nimetazama kalenda yetu: mwezi wa Elimu unaanza tarehe 16 Oktoba. Kumi na sita, Shangazi! Yaani wenzake wako ndani tangu jana, yeye ameketi anaandika kwamba wamekuja Karamuni, watu tisa, yeye wa tisa, na sahihi ya kila mmoja. Sahihi ya fundi saa ipo, na fundi saa yuko rumande! Amewaghushia sahihi ili aonekane alikuwa nao. Na sentensi ya mwisho imekatika katikati. Hata uongo wenyewe alichoka kuumaliza.

Aliwauza. Nalia huku naandika, lakini aliwauza.

Tarehe 10 Septemba nasoma utafiti wangu kwenye mkutano wa mwaka. Una siku ishirini. Nijibu.

Mpwa wako

12 Septemba

Shangazi,

Allah'u'Abha. Hujambo? Siku ishirini hukuandika hata "ng'o".

Nimesoma. Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa madirishani. Nilipofika kwenye tarehe, nikasikia viti vinalia. Binti wa fundi saa alikuwepo, amekuja na basi, ameketi mstari wa mbele na mkoba magotini. Akasimama, akasema, "Nilijua," akaketi. Neno moja. Mzee mmoja akanishika bega akaniambia, "Kijana, umesema tulichokinyamazia." Nilijiona mrefu, Shangazi. Nakwambia ukweli, nilijiona mrefu kama mlingoti.

Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, chai sikungoja.

Sema kitu basi. Nitukane hata.

Mpwa wako

16 Septemba

Nakutukana. Salamu utapata mwisho, zikibaki.

Wewe mjinga wa kalenda! Siku ya Kibaha'i inaanza lini? Inaanza jua likizama, bwana mtafiti! Tarehe 15 jua likishazama, hiyo tayari ni siku ya kwanza ya mwezi wa Elimu. Kalenda yako imeandika 16 kwa sababu mchana wake ndio unaangukia huko. Saa moja jioni ya polisi na Karamu ya baba yangu ni jioni moja, sebule moja, mkeka mmoja! Ninyi vijana wa huko mnafanya Karamu Jumapili mchana kwa sababu watu wana kazi, sawa, siwalaumu, lakini hata jua mmelisahau?

Sahihi ni zao. Walitia wenyewe, kila mtu na mkono wake, kama tunavyofanya mpaka leo. Baba alikuwa anaandika. Fundi saa, aliyekuwa mwenyekiti, ameketi karibu na dirisha, akaona viatu vya askari chini ya ua. Akamwinamia baba akamwambia, "Toka na kitabu." Humo mlikuwa na majina ya Wabaha'i wote wa mji, familia arobaini. Baba akatoka kwa mlango wa jikoni, kalamu bado mkononi. Ndiyo maana sentensi imekatika, wewe unayejua kuchoka kwa watu!

Wale wengine walikuwa wamefumba macho, sala inasomwa. Walipofumbua, askari wako ndani, baba hayupo. Aliyejua ni fundi saa peke yake, na fundi saa hakutoka mzima. Saba waliorudi hawakumwambia baba kitu, kwa sababu kusema ni kusengenya. Wakamwamkia vizuri, wakamwacha na nafasi ya mtu mmoja kulia na mtu mmoja kushoto kila alipoketi, mpaka anakufa. Jambo usiloulizwa utalijibuje?

Alinieleza mimi siku zake za mwisho. Akaniapisha nisiseme: nikimsafisha yeye, nitakuwa nawataja waliomchafua, na walikuwa wameshalipa gerezani.

Nikanyamaza. Na barua yako ya tarehe 20 Agosti ilipofika nikanyamaza tena, kwa hasira, nikasema acha ajikwae huyu mwizi wa kabati. Hilo ni langu. Halinipi usingizi. Lakini la ukumbini ni lako!

Salamu hazikubaki.

Shangazi yako

2 Oktoba

Shikamoo Shangazi. Allah'u'Abha.

Nilichukua sahihi ya fundi saa ya kitabuni na ile aliyoitia polisi siku waliyomwingiza, nikazikuza kwenye mashine yetu ya fotokopi mpaka zikawa kubwa kama sinia. Ni mkono mmoja. Mkia wa herufi ya mwisho unarudi nyuma hivyo hivyo. Mashine hii naigusa kila siku, ningeweza kufanya hivyo Agosti. Dakika mbili! Sikufanya, kwa sababu nilikuwa nimeshafurahi.

Juzi nimesimama kwenye ukumbi ule ule. Walikuja thelathini tu. Wa kusikia kosa walijaa, wa kusikia masahihisho hawajai. Nikasema nimemsingizia mtu, nikaeleza jua, nikaeleza mlango wa jikoni. Binti wa fundi saa hakuwepo. Nimempelekea nakala kwa posta, sahihi mbili zilizokuzwa na barua. Hajajibu.

Nina hasira na mimi, na nina hasira na wewe pia, Shangazi, samahani lakini ndiyo. Ninyi nyote na adabu zenu! Babu kanyamaza kwa heshima, wale saba wakanyamaza kwa heshima, wewe ukanyamaza kwa heshima na kwa hasira, na mimi nikakuta shimo tupu nikalijaza matope. Mtu mmoja angemuuliza tu: "Ulikwenda wapi jioni ile?" Maneno manne! Miaka hamsini na nane!

Sehemu ya safari ya roho nimeifuta. Sina sura ya kuiandika.

Mpwa wako mjinga wa kalenda

9 Oktoba

Mpwa wangu,

Allah'u'Abha. Marahaba, zote tatu, na ile uliyoiruka Septemba. Mgongo vile vile. Wewe umekula?

Hasira yako nimeipokea, ina haki. Yangu haijaisha, usijidanganye.

Jana asubuhi binti wa fundi saa alivuka barabara. Alisimama mlangoni, na gauni mkononi na karatasi zako kwapani. Nikalikagua gauni: halina tundu, halijafumuka, pindo zima. Nikamwambia, "Dada, hili halina kasoro." Akasema, "Shona hivyo hivyo." Nikashona, mshono juu ya mshono. Yeye kwenye kigoda, ananitazama mkono. Baadaye akaniuliza, "Alikwenda wapi jioni ile?" Nikazima cherehani, nikamweleza. Tulilia kama watu wawili waliogombana, maana tulikuwa tumegombana kweli.

Bado hatujawa marafiki. Ameniambia mshono wangu umepinda.

Karamu ya mwezi wa Elimu mwaka huu ni kwake, sebule ile ile. Uje, na uje na sura yako hiyo hiyo unayosema huna. Mwandishi wa jioni hiyo atakuwa wewe, Baraza limekubali baada ya kelele nyingi, nyingine zangu. Utaandika kwenye kitabu cha Babu. Ile sentensi yake usiiguse, usiimalizie. Anza chini yake.

Na kabla hujaandika tarehe, toka nje kwanza uangalie jua liko wapi.

Shangazi yako